Nadhiri ya Wabwire

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya misa ya pili leo, katekista Mativo alisimama mbele akauliza ni kina nani mwaka huu watakaotembea kwa miguu hadi Namugongo, kule Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe tatu Juni. Watu wakasimama mmoja mmoja kutaja majina. Mama mkwe wangu, aliyefika kutoka Bungoma Alhamisi tu na begi lake bado liko mlangoni, akasimama pia. Akataja jina lake. Kisha akataja langu.

Nilidhani nimesikia vibaya, lakini wanawake wa jumuiya yetu waligeuka wakanitazama kwa upole ule wanaonitazama nao tangu mazishi.

Njiani kurudi mtaani kwetu Jericho, hapa Nairobi, nilimwuliza kwa nini hakuniuliza kwanza. Akasema Wabwire aliweka nadhiri, na nadhiri haizikwi pamoja na mtu.

"Waliobaki ni mama na mke," akasema. "Tutaitembea sisi."

Wabwire ni mume wangu. Alifariki Oktoba, ukuta ulipomwangukia kwenye kibarua cha ujenzi. Miaka miwili kabla ya hapo binti yetu Nekesa aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa hajitambui, na Wabwire akapiga magoti pale kwenye korido ya wodi, mbele ya watu, akaapa kwamba mtoto akipona atatembea kwa miguu kutoka Jericho mpaka Namugongo. Mtoto alipona. Mwaka wa kwanza kazi ilikuwa nyingi. Mwaka wa pili akasema mwaka ujao.

Kwa hiyo sikukataa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imeanza. Ukuta wa jikoni unalia maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Zoezi la kwanza. Tulitoka alfajiri, watu kumi na kitu, tukafuata Jogoo Road hadi mjini na kurudi. Mama mkwe alikuwa mbele muda wote. Ana miaka sitini na tatu na anatembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Mimi nashinda nimekaa kwenye kibanda sokoni Kariokor, nashona mikanda ya ngozi kwenye akala, zile ndara za matairi, kwa hiyo tulipopita mahakama za Makadara nilikuwa tayari nahema.

Nilimtengenezea akala nzuri, laini ndani, kisigino kipana. Hakuzitaka. Amevaa raba za Wabwire, amezijaza vitambaa mbele kwa sababu ni kubwa. Nilimwambia zitamchubua. Akasema zimechubua miguu ya mwanawe kabla ya yake.

Kuna mzee mmoja, Odero, fundi baiskeli wa karibu na soko, ambaye ametembea hija hii mara nne. Yeye ndiye aliyekaa nyuma nami. Aliniambia mambo mawili: nisinywe maji mengi kwa mara moja, na nisitembee na mtu niliyemkasirikia, kwa sababu barabara ni ndefu kuliko hasira na mtachoshana. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baada ya Njia ya Msalaba nilienda bombani kuteka maji, nikamkuta Mama amesimama nyuma ya nyumba akiongea na simu kwa Kibukusu, sauti chini. Nilisikia jina la Nekesa mara mbili. Aliponiona alibadilisha sauti, akaanza kuuliza habari za ng'ombe.

Alikuwa anaongea na Nyongesa, mwanawe mkubwa, kaka ya Wabwire. Huyu ndiye aliyesimama siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa bado wamekaa kwenye viti vya kukodi, akasema mtoto ni wa ukoo, na kwamba mimi nichague: nibaki pale nyumbani aishike nyumba ya ndugu yake, yaani anirithi, au nirudi Nairobi peke yangu. Niliomba nipewe muda wa kulia. Nikampakia mtoto kwenye basi asubuhi iliyofuata.

Tangu siku ile simu zake nazipokea nikiwa nimesimama.

Jumatano, 23 Aprili

Tumegombana.

Nilimwuliza Mama tukienda Nekesa atabaki na nani. Akajibu haraka mno, kama jibu lililokuwa limekaa kinywani: Nyongesa aje amchukue kabla shule hazijafunguliwa, akae Bungoma mpaka tutakapofika. Nilikataa. Nikasema atabaki kwa Mumina, jirani yetu wa mlango wa tatu. Mumina na mumewe Abukar wana duka la jumla karibu na soko, na binti yao Kawsar anasoma darasa moja na Nekesa. Mtoto wangu anakula kwao karibu kila siku.

"Unamwacha mjukuu wangu kwa Waislamu?" Mama akauliza. "Kwa Wasomali?"

Mlango ulikuwa wazi. Mumina alikuwa anapita na ndoo. Alisimama, akatusalimia sote wawili kwa heshima, akamwuliza Mama kama mguu umepoa baada ya zoezi, akaenda zake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni nilienda kumwomba radhi. Alinimiminia chai akasema, "Mama Nekesa, mimi pia nina mama mkwe. Mtoto mlete na nguo za shule na dawa ya kikohozi. Maneno mengine acha yabaki mlangoni."

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mvua usiku kucha. Mama hajaongea nami tangu tulipogombana.

Ijumaa, 2 Mei

Kesho tunaondoka. Nimefikiria kukataa zaidi ya mara moja wiki hii. Lakini akienda peke yake akaanguka huko, ukoo utasema nimewaua wawili. Na kuna kitu kingine ambacho sijamwambia mtu. Nataka kuitembea nadhiri hii. Nilikuwepo kwenye ile korido. Niliona sakafu ilivyokuwa chafu, na Wabwire alivyopiga magoti bila kuangalia chini.

Nekesa ameniuliza nitarudi lini. Nikamwambia baada ya sikukuu. Akasema, "Poa, lakini upige simu kila jioni. Ukisahau, mimi na Kawsar tutakununia."

Jumamosi, 3 Mei

Tumetoka. Padri alitubariki, tukaenda tukiimba hadi mjini, halafu tukapandisha kuelekea Kikuyu na nyimbo zikakatika zenyewe. Mvua kutoka saa nne. Tumelala kwenye ukumbi wa parokia, nguo zimetandazwa juu ya madawati.

Mativo ametoa masharti: tunakwenda pamoja, hakuna kulalamikia chakula, na anayepanda gari hija yake imekatika. Mama akaongeza lake mbele ya wote: mguu wake hautakanyaga gari lolote mpaka aone Namugongo.

Jumatatu, 5 Mei

Ukungu. Tunateremka Bonde la Ufa. Malori yanatupita karibu mno, upepo wake unakusukuma kando. Mama yuko mbele.

Jumatano, 7 Mei

Mama hayuko mbele tena.

Naivasha tumefika tumelowa. Nilimwona anakanyaga kwa ukingo wa mguu wa kushoto. Nilipoomba nitazame alivuta leso akafunika. Kila jioni napiga simu kwa Mumina, naongea na Nekesa, na kila ninapomaliza Mama ananiuliza swali lile lile: yuko nyumbani, au yuko wapi? Mwanzoni nilidhani ni mapenzi ya nyanya. Leo swali lilinikaa vibaya, sijui kwa nini.

Ijumaa, 9 Mei

Gilgil. Mvua ya mawe. Tulijificha chini ya paa la kituo cha mafuta, na huko Mama alikaa chini kabla hajafika kwenye kiti. Nikamvua raba bila kuomba ruhusa. Vitambaa vilikuwa vimeshikana na ngozi. Vidole viwili havikuwa na kucha.

Niliosha ile miguu kwa maji ya chumvi. Hakupiga kelele. Nilimfunga, nikatoa zile akala mkobani. Nilikuwa nimezibeba kwa siri. Akazitazama, akanyoosha mguu nimvalishe.

Jumamosi, 10 Mei

Leo tumetembea wawili nyuma ya wote, polepole, na ameongea.

Alinieleza habari za baba yake Wabwire, aliyekufa Wabwire akiwa hajaota meno. Shemeji yake alikuja akasema amekuja kushika nyumba. Alishika kweli. Alishika shamba la juu akaliuza, akashika ng'ombe wawili wa maziwa, akamshika yeye mpaka alipopata mke mdogo, ndipo akamwachia nyumba ikiwa na paa linalovuja. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Aliyasema haya yote kwa sauti ya mtu anayeeleza bei za sokoni.

Nilimwuliza kama hakukataa.

"Ningekataa na nani nyuma yangu?" akasema.

Kisha akauliza tena kama Nekesa yuko nyumbani kwa Mumina au anapelekwa kwingine. Safari hii hakunitazama usoni.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika haya nikiwa Jericho. Sitaki kusahau mfuatano wa mambo.

Mchana tulikuwa tumekaribia Salgaa, zaidi ya Nakuru. Mvua ilikuwa imeacha kidogo. Simu ikalia, ni Mumina, na Mumina hapigi mchana. Aliongea taratibu, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa. Alisema Nekesa alikuwa na mafua, hakumpeleka shule. Alisema Nyongesa amefika mlangoni na wanaume wawili, akamwambia afungashe nguo za mtoto, gari liko barabarani. Mumina akamjibu kwamba mtoto ameachiwa na mama yake, na mama yake ndiye atakayemchukua. Nyongesa akapandisha sauti. Abukar akatoka dukani, akachukua kiti, akakiweka katikati ya mlango, akaketi. Majirani wakatoka. Nyongesa akaondoka, akaapa kesho atarudi na chifu.

"Yuko hapa nimempakata," Mumina akasema. "Lakini uje, Mama Nekesa. Uje leo."

Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama katikati ya tope, na uso wake ulinieleza kabla hajafungua mdomo. Hakuuliza ni nani. Hakuuliza kumetokea nini.

Nikamwuliza kama alijua.

Alijua. Alisema yote pale pale kando ya barabara, malori yakitupita. Wao wawili walipanga tangu Machi. Alikuja Nairobi kwa ajili hiyo. Nadhiri ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa pia njia ya kunitoa nyumbani. Nyongesa angemchukua mtoto nikiwa mbali, na sisi tungetembea mpaka Bungoma, nimkute Nekesa tayari yupo, ameandikishwa shule, na mimi nimechoka, miguu imevimba, ningekaa. Ndiyo maana alikuwa anauliza kila jioni mtoto yuko wapi. Alikuwa anampelekea Nyongesa jibu.

"Nilitaka mtoto wa Wabwire akue karibu na kaburi lake," akasema. "Nilijiambia hakuna ubaya."

"Mpaka lini ulijiambia hivyo?"

"Mpaka Ijumaa, uliponivalisha viatu. Jana nilimpigia nikamwambia aache. Akasema neno hili si langu tena."

Sikumpiga. Naandika hivyo kwa sababu mkono wangu ulitaka. Nilichukua mkoba wangu, nikamwambia Mativo mtoto wangu yuko hatarini na ninarudi Nairobi. Mativo alianza kusema jambo kuhusu hija iliyokatika, Odero akamshika bega, akanyamaza. Nikaenda steji. Nilikuwa nimekwisha kaa kiti cha dirishani nilipomwona Mama anakuja, anavuta mguu, anamwambia makanga asubiri.

Alisimama mlangoni mwa gari. Wote tulikuwa tumesikia alivyoapa. Alitazama ngazi ile, halafu akainua mguu mbovu akapanda, akaketi kiti cha nyuma yangu.

Pale Limuru nilisikia analia.

Jua lilikuwa halijazama tulipofika. Nekesa alikuwa amelala kwenye mkeka wa Mumina, pua imeziba, mdomo wazi. Abukar alikuwa bado mlangoni.

Jumanne, 13 Mei

Nyongesa alitimiza neno lake. Saa tatu tuliitwa ofisini kwa chifu, ghala dogo la mabati lililojaa watu wengi waliokuja kujikinga mvua kuliko waliokuja na kesi. Nyongesa alikuwa amevaa koti la mazishi. Aliniita "mke wetu" mbele ya wote. Alieleza kwamba nimemtelekeza mtoto kwa watu baki wa dini nyingine nikaenda kuzurura barabarani, na kwamba mama yake mzazi ni shahidi. Akamwonyesha kwa mkono.

Chifu akamwambia Mama asimame. Kwa kweli sikujua atasema nini. Mtu aliyedanganya mwezi mzima anaweza kudanganya dakika moja zaidi, na huyu ni mwanawe, ndiye pekee aliyebaki.

Alisimama akishikilia meza.

"Mimi ndiye niliyemwambia Nyongesa kwamba mama wa mtoto yuko mbali," akasema. "Mtoto hajatelekezwa. Ameachwa mahali pazuri kuliko nilipotaka mimi aachwe. Na mama yake yuko hai, ndiye huyu."

Nyongesa akaongea kwa Kibukusu, lakini wengi pale walimwelewa. Alimwuliza atarudi kwa nyumba ya nani, na nani atamzika.

"Kama ni kwa bei hiyo, nisirudi," Mama akasema, kwa Kiswahili, ili wote wasikie. Akaketi.

Chifu alimweleza Nyongesa kwamba mwenye dai la mtoto anakwenda mahakamani Makadara mchana kweupe, haendi mlangoni kwa watu na wanaume wawili, na akirudi tena atapelekwa kituoni. Nyongesa alitoka bila kuaga. Aliacha mwavuli wake, na hakuna aliyemkimbilia nao.

Jumatano, 14 Mei

Muuguzi ameitazama miguu ya Mama. Kidole kimoja kimeanza kuoza pembeni. Amepewa sindano na amekatazwa kutembea hata kwenda sokoni.

Jioni alisema jambo lililonifanya niache kuosha vyombo.

"Wewe nenda, Khalayi. Nadhiri isikatike kwa ajili yangu. Mimi nitabaki na Nekesa."

Nilitoka nje nikasimama mvuani. Mwanamke aliyetega mtego anajitolea kulinda. Kama ni mtego wa pili? Kama jana alisema vile kwa sababu aliona chifu amekwisha kuamua? Nilienda kwa Mumina nikamwambia yote. Alikuwa anachambua mchele. Alisema hajui kilicho moyoni mwa yule mama, ila amemwona mchana akikata kucha za Nekesa kidogo kidogo kwa kuogopa kumuumiza.

"Nenda," akasema. "Mimi nitamwangalia mtoto, na nitamwangalia yeye pia."

Alhamisi, 15 Mei

Nimepanda gari hadi Salgaa, nishuke pale pale nilipoachia. Nilijiandaa kutembea peke yangu. Odero alikuwa amekaa nje ya kanisa, miguu ameinyoosha. Anasema kisigino kilimsumbua akaamua kupumzika. Kisha akainuka akatembea mwendo ambao sikuuweza.

Tumetembea mpaka giza linaingia. Hakuniuliza kitu.

Jumamosi, 17 Mei

Baridi ya Timboroa. Nimeongea na Nekesa. Nyanya yake anamfundisha wimbo wa Kibukusu na Kawsar anaimba pia.

Jumatatu, 19 Mei

Leo nimetembea saa nzima nikimchukia Wabwire. Kwa kuapa kitu kikubwa hivyo, kwa kuahirisha, kwa kusimama chini ya ule ukuta. Hija inakufanyia hivi: mguu ukishazoea kwenda, moyo unakosa mahali pa kujificha. Nilimwambia Odero. Akasema yeye mwaka wake wa kwanza alimchukia marehemu mkewe kuanzia Eldoret hadi Turbo, kisha akachoka.

Jumanne, 20 Mei

Tumewafikia wenzetu Eldoret. Mativo alinipokea kwa mikono miwili, akasema masharti ni ya wenye afya na amani. Kwake hilo ni kubwa.

Alhamisi, 22 Mei

Webuye. Nimepiga simu ya Mama, haipatikani. Ya Mumina, haipatikani. Ya Abukar inaita mpaka inakata.

Ijumaa, 23 Mei

Simu zote kimya. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana. Ukipanda lori sasa utafika kesho, nilijiambia. Kisha nikajiambia wamelala. Kisha mvua. Kisha nikaona mbele yangu Mama anampandisha mtoto kwenye basi, anamfunga sweta, anamwambia mama yako anatungoja nyumbani. Niliona hata rangi ya sweta. Odero alinilazimisha kula, nikatapika.

Kesho barabara inapita pale njia panda ya kwao.

Jumamosi, 24 Mei

Nyongesa alikuwa njia panda.

Nilimwona kutoka mbali, amesimama chini ya bango la duka, peke yake. Wenzangu walijikusanya karibu nami bila kuambiwa, Mativo kushoto, Odero kulia. Sikuweza kungoja tufike. Nilitoka kati yao nikamwendea nusu kukimbia, nikamwuliza mtoto wangu yuko wapi.

"Hayuko kwangu," akasema.

Sikumwamini. Nikamwambia aape. Akainua mikono yote miwili, viganja wazi, na hapo ndipo nilipoona amekonda.

"Mama alinipigia wiki iliyopita," akasema. "Alisema nikikanyaga Jericho tena kwa nia ile, nisitupe udongo kwenye kaburi lake. Ametamka, Khalayi. Mama mzazi ametamka. Nikimpigia hapokei."

Kwa watu wetu, neno la namna hiyo ni laana, halitamkwi kwa mzaha. Nilielewa kwa nini amekonda. Nikaelewa pia hakuja kunichukua. Alikuja kuomba, na hakujua namna ya kuanza.

Alitembea kando yangu kipande kirefu, koti lake likilowa. Niliogopa bado. Kila gari lililopunguza mwendo nilidhani ni lake. Karibu na daraja aliuliza kama Mama anakula vizuri. Nikamwambia anakula. Akauliza miguu. Nikamwambia imeoza kidole kimoja. Akafunika uso kwa mkono.

"Mwombe aliondoe lile neno," akasema. Hakuvuka daraja. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama.

Simu ililia alasiri. Ni Abukar. Mvua iliangusha nguzo Jericho, hakukuwa na stima tangu Jumatano, simu zote zilizima, na yake aliisahau kwenye droo ya duka huku yeye akienda kwa gari la mizigo Thika. Akampa Nekesa. Nekesa akasema nimesahau kupiga, amenuna. Nilikaa kwenye nyasi nikacheka mpaka wenzangu wakaniogopa.

Jumatatu, 26 Mei

Tumevuka Malaba. Nimenunua laini ya Uganda. Mvua, lakini ya hapa ni ya vuguvugu.

Ijumaa, 30 Mei

Jinja. Watu ni wengi barabarani sasa, kutoka kila upande. Nimesahau maumivu ya miguu yalivyokuwa mwanzoni. Sasa ni kama sauti ya jirani, ipo tu.

Jumanne, 3 Juni

Namugongo. Umati usiohesabika. Sikuona altare, nilisikia tu. Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa ajili ya Wabwire, nikapiga magoti kwenye tope kama yeye alivyopiga kwenye ile sakafu, nikasema: imetembewa. Nilingoja nihisi kitu. Nilihisi njaa, na wepesi kidogo hapa kifuani, kama mtu aliyemrudishia mwenziwe mzigo wake salama.

Nilijaribu kumwombea Nyongesa. Maneno hayakutoka. Nikamtaja jina tu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefika Jericho jana jioni. Leo ni Idd, Mumina ametuletea sinia la nyama na wali, na Mama, yule yule, ameenda kwa kuchechemea mpaka mlangoni kwake kumshukuru, amekaa huko hadi chai ikaisha.

Aliporudi nilimweleza habari za njia panda. Alisikiliza akiwa ameshika goti. Nikamwambia Nyongesa anaomba aliondoe lile neno.

"Alikuomba wewe?"

"Aliniomba mimi."

"Basi jibu ni lako," akasema. "Ni wewe ambaye alitaka kukunyang'anya mtoto. Ukisema nimfungulie, nitamfungulia. Ukisema akae nalo, atakaa nalo."

Nilitaka akae nalo. Kwa muda nilitaka sana. Nilifikiria jioni ile Nekesa kwenye mkeka, na kiti cha Abukar mlangoni. Nilifikiria pia mtu mzima aliyefunika uso barabarani. Nikachukua simu nikampigia mwenyewe. Nilimwambia Agosti shule zikifungwa anaweza kuja kumwona mtoto wa ndugu yake na kumwona mama yake. Atakuja peke yake. Atakula kwangu, atalala kwa Abukar. Na atarudi peke yake.

Kisha akasema amesikia, na atakuja hivyo hivyo. Nikampa Mama simu. Aliongea naye maneno machache kwa Kibukusu, lile neno akaliondoa, akanirudishia simu ikiwa imelowa machozi.

Sijui kama nimefanya vyema. Mama aliegemeza miguu yake iliyofungwa bandeji juu ya stuli, Nekesa akaja akajilaza kati yetu.

"Sasa nipe njia," Mama akasema. "Anzia Salgaa, pale nilipopanda gari. Usiruke kitu."

Nikaanza. Nikamwambia tulipotoka Salgaa kulikuwa na tope hadi kwenye kifundo, na mlima ulianza mara moja.